Panga Ukumbi kwa Kufuata Miguu ya Wageni

Katika vikao vya kamati ya harusi, rangi ya vitambaa hujadiliwa mpaka watu wakakosa daladala za kurudia nyumbani, ilhali suala la meza zikae wapi huachiwa mpambaji alimalize mwenyewe asubuhi ya sherehe. Matokeo yake tunayafahamu sote. Bibi yake bwana harusi, aliyesafirishwa kutoka mkoani, ameketishwa nyuma ya nguzo huku spika ikimpigia sikioni. Foleni ya chakula imekata njia ya maharusi. Wapiga picha wamejipanga mbele ya meza kuu, na wageni wa nyuma wanawaona maharusi kupitia simu za wenzao. Saa tano usiku inagonga, nusu ya watu hawajala, na ukumbi unafungwa saa sita.

Karibu kila mmoja wa watu hao alichanga. Wapo waliotoa kwa awamu, wapo waliokopa, na wapo waliofunga duka mapema ili wawahi. Mtu aliyetoa alichonacho kwa ajili ya sherehe yenu anastahili mambo manne: aone, asikie, ale chakula kingali cha moto, na atoke salama. Maua hayaleti hata moja kati ya hayo. Yote manne huletwa na mpangilio wa ukumbi, na mpangilio mzuri hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji futikamba, karatasi, penseli za rangi na jioni moja ya utulivu.

Ushauri wangu kwa kamati, wazazi na maharusi ni huu: panga kwanza mwendo wa watu, kisha pamba ulichokipanga. Ukianza na mapambo, watu watalazimika kupenya katikati yake. Ukianza na watu, mapambo yatapata mahali pake yenyewe.

Hesabu vichwa

Ramani huanza na idadi ya watu, na idadi hiyo haipatikani kwa kuhesabu kadi. Hapa Tanzania kadi hutolewa kulingana na mchango: kuna ya mtu mmoja na kuna ya watu wawili. Kamati iliyochapisha kadi 180, huku 120 kati yake zikiwa za watu wawili, imealika watu 300. Mwenyekiti akimwambia mpambaji "kadi ni 180," naye akaleta meza 18, kasoro ya sherehe imeshazaliwa kabla hata bibi harusi hajashona gauni.

Baada ya hapo ongeza wale wasio na kadi. Wapo wapiga picha, MC na mwenzake, DJ na vijana wa mitambo, wapiga tarumbeta, kwaya kama ipo, wahudumu, madereva, na wanakamati wenyewe ambao mara nyingi hujisahau. Wapo pia ndugu waliokuja na Coaster kutoka kijijini, ambao hakuna mtu atakayethubutu kuwadai kadi mlangoni. Tengeni meza mbili au tatu karibu na mlango kwa ajili ya kundi hili, tena ziandikwe kabisa kwenye ramani. Mtu aliyefika toka mbali asisimamishwe ukutani akisubiri kiti kitolewe stoo.

Kapime ukumbi mwenyewe

Usitegemee neno la mwenye ukumbi kwamba "wanaingia watu 500." Mara nyingi hesabu hiyo ni ya viti vilivyopangwa safu kwa safu kama mkutanoni, bila meza, bila bufee, bila mahali pa kucheza. Nenda mwenyewe na mtu wa pili wa kukushikia futikamba. Pima urefu na upana. Weka alama kila nguzo ilipo, kila mlango na upande unaofungukia, kila soketi ya umeme, ngazi, madirisha, feni au viyoyozi, njia ya kwenda vyooni na njia ya kutoka jikoni. Pima na kimo cha dari, hasa kama mpambaji ameahidi kuning'iniza kitu.

Nenda saa ileile ambayo sherehe itafanyika. Ukumbi wenye madirisha ya magharibi hupendeza saa nne asubuhi, lakini saa kumi jioni jua huingia moja kwa moja, na yeyote atakayeketi mbele ya madirisha hayo atatoka mweusi kwenye picha. Muulize msimamizi wa ukumbi maswali matatu ambayo kamati husahau: jenereta inakaa upande gani, mlango upi huwa unafungwa kwa kufuli usiku, na mitambo ya muziki inaruhusiwa kuingizwa kuanzia saa ngapi.

Ukirudi nyumbani, chora. Kipimo chepesi kuliko vyote ni sentimita moja ya karatasi kuwa mita moja ya ukumbi. Ukumbi wa mita 30 kwa 20 utakuwa mchoro wa sentimita 30 kwa 20, ambao unaenea kwenye karatasi mbili za A4 zilizounganishwa kwa gundi. Kisha kata miduara ya karatasi ngumu iwe ndiyo meza zako, uihamishe upendavyo. Programu za simu na kompyuta zinazochora kumbi zipo, na anayeziweza azitumie. Ila miduara ya karatasi ina faida moja kubwa: mama mzazi, mpishi na mwenyekiti wa kamati wote wanaweza kuisogeza kwa vidole vyao na kuelewana papo hapo.

Hesabu ya eneo ifanywe mapema

Meza ya duara ya futi 6 hukalisha watu 10 kwa raha, na ya futi 5 hukalisha watu 8. Ukilazimisha 10 kwenye ya futi 5, sahani zitagongana na chupa za vinywaji zitahamia sakafuni, ambako zitapigwa mateke.

Meza ya futi 6 ina upana wa karibu mita 1.8. Mtu aliyeketi huchukua kama nusu mita kutoka ukingoni mwa meza. Kwa hiyo kati ya meza mbili, viti vinavyopeana mgongo hula mita nzima, na mhudumu mwenye sinia la glasi anahitaji nusu mita nyingine apite. Jumla ni mita 1.5 kutoka ukingo wa meza moja hadi ukingo wa nyingine. Ukijumlisha na meza yenyewe, kila meza inadai mraba wa mita 3.3 kwa 3.3, yaani karibu mita za mraba 11. Basi ile miduara yako ya karatasi ikate kwa upana wa sentimita 3.3, kwa sababu inabeba meza, viti na njia kwa pamoja. Miduara ikigusana, ujue nafasi imekwisha.

Tuuchukue ukumbi wetu wa mita 30 kwa 20. Una mita za mraba 600. Jukwaa la maharusi pamoja na pambo la nyuma na nafasi ya wapiga picha mbele yake, mita 20 kwa 5, limechukua 100. Uwanja wa kucheza wa mita 8 kwa 6 umechukua 48. Njia kuu ya mita 2.5 kwa 16 imechukua 40. Meza mbili za bufee zinazopakuliwa pande zote mbili, kila moja ikihitaji mita za mraba 26 pamoja na foleni zake, zimechukua 52. DJ na mitambo 9, kaunta ya vinywaji 12, mapokezi mlangoni 18. Hiyo ni 279. Zimebaki 321, ambazo zinatosha meza 29, sawa na watu 290. Na hesabu ya eneo haizijui nguzo wala kona, kwa hiyo mchoro ukikamilika idadi itapungua kidogo tena.

Kamati iliyoambiwa watu 500 na yenye wageni 300 ilidhani ina nafasi ya kumwaga, kumbe imepungukiwa. Ni bora ukweli huu ujulikane miezi miwili kabla, maana tiba zipo. Bufee ikihamishiwa nje chini ya turubai, mita za mraba 52 zinarudi ndani, meza zinafika 33, na joto na mvuke wa chakula vinabaki nje. Hiyo ni tiba isiyopunguza mgeni hata mmoja. Usiogope pia kutafuta ukumbi mwingine wakati malipo ya awali bado ni madogo.

Ratiba ndiyo mchoraji

Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo. Chukua ratiba ya MC na uisome mstari kwa mstari ukiwa na ramani mezani. Kwenye kila tukio jiulize: nani anasimama, anatoka wapi, anapita wapi, anarudi wapi? Chora njia hiyo kwa penseli. Kila tukio lipe rangi yake: maharusi kuingia, utambulisho, keki, kugonga glasi, chakula, zawadi, muziki. Wahudumu wanaotoka jikoni wape rangi yao pia, kwa kuwa wao hawatulii usiku kucha. Mahali ambapo rangi mbili zinakatana kwa wakati mmoja ndipo patakapotokea msongamano. Hamisha kitu au hamisha muda, ukiuacha utatokea.

Kuingia kwa maharusi kunadai njia iliyonyooka kutoka mlangoni. Maharusi wetu hawatembei, wanacheza, na wasimamizi wao wanacheza pembeni, na nyuma yao wapo vijana wa sare wanaocheza kwa mistari. Mita 2.5 ndiyo ndogo kabisa. Ikipatikana 3 ni bora. Usiweke nguzo za maua pande zote mbili za njia hiyo kabla hujapima upana wa gauni.

Keki ina safari yake. Baada ya kukatwa, maharusi huwapelekea wazazi, na katika familia nyingi bibi harusi hupiga magoti mbele ya wakwe zake. Tukio hilo hugusa mioyo kuliko karibu yote mengine, na hupotea bure pale ambapo wazazi wamebanwa nyuma ya meza yenye maua marefu. Waweke wazazi wa pande zote mbili safu ya mbele, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, na mbele ya kila meza yao acha mita mbili wazi. Hapo binti atapiga magoti bila kukunja gauni kwenye miguu ya viti, na mpiga picha atapata mahali pa kusimama.

Kugonga glasi huwatoa watu wote vitini kwa wakati mmoja. Kama hakuna mzunguko, watakutana uso kwa uso kwenye njia moja, wengine wakienda, wengine wakirudi, kila mmoja na glasi mkononi. Dawa ni kuacha njia mbili za pembeni zenye upana wa mita 1.2 na kumwelekeza MC atangaze: kupanda kwa kushoto, kushuka kwa kulia. Mzunguko huohuo utafaa wakati wa zawadi. Kwenye sendofu ndio unahitajika zaidi, kwa sababu shangazi na mama wadogo huja wakicheza na friji, godoro, jiko na masufuria yaliyobebwa kichwani. Friji haiwezi kugeuzwa katikati ya umati. Panga chumba au kona ya kuhifadhia zawadi upande wa kushukia, na meza ya katibu anayeandika majina iwe hapohapo, chini ya taa.

Kama familia ni ya Kichaga na ndafu ipo, chora na njia yake. Mbuzi huyo aliyechomwa mzima huingia kwa shangwe akitokea jikoni, sio mlango mkuu, na mara nyingi njia ya jikoni ndiyo nyembamba kuliko zote na ndiyo iliyojazwa makreti ya soda.

Meza kuu: ukuta upi?

Wengi huweka jukwaa kwenye ukuta mfupi, mkabala na mlango, ili maharusi wapate mwendo mrefu na picha nzuri. Ni uamuzi mzuri, ila una gharama. Kwenye ukumbi wetu wa mita 30 kwa 20, mgeni wa kona ya mwisho atakuwa karibu mita 32 kutoka kwa maharusi. Ukilihamishia jukwaa katikati ya ukuta mrefu, mgeni wa mbali kabisa atakuwa mita 25, na wengi zaidi watakuwa karibu. Kwa sherehe yenye hotuba na utambulisho mwingi, ukuta mrefu huwatendea haki wageni. Kwa sherehe inayojengwa juu ya kuingia na kucheza, ukuta mfupi unafaa, ila nyanyua jukwaa kwa sentimita 40 hadi 60 ili wa nyuma waone juu ya vichwa.

Ukuta wowote utakaochagua, usiwe wenye madirisha yanayopigwa na jua, wala wenye mlango wa vyoo. Na maua ya katikati ya meza za wageni yawe mafupi chini ya macho ya mtu aliyeketi, au marefu yenye shina jembamba linalopita juu ya vichwa. Ya kimo cha uso humzuia mtu kumwona anayezungumza naye.

Chakula ni hesabu ya dakika

Tuseme mgeni mmoja hupita kwenye bufee kila baada ya sekunde 20. Wageni 300 kwenye mstari mmoja watachukua dakika 100. Kwenye mistari minne watachukua dakika 25. Tofauti ya zaidi ya saa nzima imetokana na jinsi meza zilivyowekwa tu, na chakula ni kilekile.

Kwa hiyo usiisukume meza ya bufee ukutani. Iweke mahali ambapo watu watapita pande zote mbili, na kila upande uwe na vyakula vyote. Meza mbili za namna hiyo ndizo mistari minne. Sahani ziwe mwanzo. Vijiko, uma na leso ziwe mwisho, ili mtu asishike vyote huku akipakua wali. Nyama na kuku vipakuliwe na mhudumu. Pilipili, kachumbari na matunda vikae meza ndogo pembeni, kwa sababu hapo ndipo watu husimama wakichagua. Mahali pa kunawa mikono pawe kabla ya foleni, sio baada yake, na pawe pawili. Mtu anayekula pilau kwa mkono asilazimike kupanga foleni ya pili chooni.

Kaunta ya vinywaji iweke upande mwingine kabisa wa ukumbi, karibu na soketi za friza. Foleni mbili zikikaa jirani huwa foleni moja kubwa. MC aite meza kwa namba, akianza na wazee, wajawazito na wenye watoto, na si kwa kuanza na zile zilizo karibu na chakula.

Sauti na uwanja wa kucheza

Uwanja wa kucheza uwe mbele ya jukwaa, nao usiwe mkubwa kupita kiasi. Kwa makadirio, theluthi ya wageni hucheza kwa pamoja, na kila mmoja anahitaji karibu nusu mita ya mraba. Wageni 300 watatoshwa na mita za mraba 48 hadi 50. Ikipigwa kwaito na watu wakajipanga mistari, nafasi ya kila mtu huongezeka mara mbili, hivyo meza zinazopakana na uwanja, ukiacha za wazazi, ziwe za vijana ambao hawatachukia viti vyao vikisogezwa.

DJ amwone MC na auone uwanja. Akifichwa nyuma ya pambo, muziki utaingia katikati ya sala. Spika mbili kubwa mbele huwapasua masikio wa karibu na kuwaacha wa mbali wakiulizana "amesema nini?" Kama uwezo upo, gawa sauti: mbili mbele kwa kiasi, mbili ndogo katikati ya ukumbi. Waya zipite ukutani, na pale zinapokata njia zifunikwe na kubandikwa kwa gundi ya kitambaa. Kanyago moja la kiatu kirefu kwenye waya laweza kuzima muziki na kuvunja mguu kwa pamoja.

Nani akae wapi

Kabla ya kuandika namba za meza, andika mahitaji. Wazee wakae mbele lakini mbali na spika, karibu na njia ya vyoo isiyo na ngazi. Wenye watoto wachanga wakae karibu na mlango wa pembeni ili waweze kutoka bila kupita mbele ya kamera. Mgeni anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya sentimita 90 isiyokatizwa kuanzia mlangoni hadi mezani, na meza ambayo kiti kimoja kimeondolewa mapema. Aketi na jamaa zake, popote walipo, wala asiachwe mlangoni kwa kuwa ndiko alikofikia. Mgeni asiyesikia akae mahali anapoona midomo ya MC au mkalimani wake.

Ndugu wanaokuja kwa makundi, wafanyakazi wenzako, jumuiya ya kanisani, wanachama wa vikoba, majirani: wape meza zinazopakana. Mtu aliyeketi na anaowafahamu huchangamka mapema. Bandika orodha ya meza mlangoni kwa herufi kubwa, tena nakala mbili, ili mapokezi pasizibwe na watu wanaotafuta majina yao kwenye karatasi moja. Na wawepo wakaribishaji wanaoijua ramani kwa kichwa.

Njia ya kutokea

Septemba 2023, katika mji wa Qaraqosh kaskazini mwa Iraq, fataki ziliwashwa ndani ya ukumbi wa harusi. Moto ukashika mapambo ya dari na paneli zinazowaka kwa urahisi, milango ya kutokea ilikuwa michache, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nayataja haya kwa sababu fataki za namna hiyo zimeingia kwenye harusi zetu pia, na dari zetu tumezijaza vitambaa.

Kama fataki haziepukiki, ziwashwe nje. Ndani ya ukumbi, kila mlango wa kutokea uonekane na ufunguke. Usifunikwe na pambo, usipangiwe makreti, usifungwe kwa kufuli eti wasioalikwa wasiingie. Kwa kazi hiyo weka mlinzi. Mitungi ya gesi ya mpishi ikae nje. Jenereta iwekwe mbali na milango na madirisha, kwa maana moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Kwenye ramani yako chora njia ya kutokea kwa rangi nyekundu, na hakuna rangi nyingine itakayoruhusiwa kukaa juu yake.

Sherehe ya turubai na sherehe ya mkekani

Si kila harusi ni ya ukumbini. Sherehe ya nyumbani chini ya turubai huanzia kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, hasa kama barabara itazibwa. Acha upande mmoja ambao gari la wagonjwa linaweza kupita. Pwani, mvua za masika huangukia Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo tazama maji yanatiririkia wapi kabla ya kuamua jukwaa likae wapi. Sehemu ya juu ya uwanja ndiyo ya watu na ya umeme. Kamba na vigingi vya turubai vifungwe vitambaa vyeupe ili vionekane usiku. Majiko yakae upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na wageni.

Harusi za Waislamu wa Pwani na Visiwani zina hesabu zake, nazo ni nyepesi kuliko za meza. Watu sita wanaozunguka sinia moja la pilau wakiwa wameketi mkekani wanatosha kwenye eneo la mita 2.5 kwa 2.5 pamoja na njia ya anayepakua, yaani karibu mita moja ya mraba kwa mtu. Ukumbi wa mita za mraba 300 unaweza kuwalisha watu wengi kwa namna hiyo, ila usisahau viatu. Viatu vya watu 200 vikiachwa mlangoni huziba mlango wenyewe. Tenga eneo lake pembeni, na wazee wasioweza kuketi chini wawekewe viti ukutani, karibu na jamaa zao.

Kwenye sherehe ya wanawake, faragha ndiyo ichore ramani. Mlango uwe na kizuizi au pazia la kona ili anayepita nje asione ndani. Wapiga picha na wahudumu wawe wanawake. Bwana harusi anapoingia kumwona mkewe, apitie njia fupi, ya moja kwa moja hadi jukwaani, na tangazo litoke dakika kadhaa mapema ili kila mtu avae mtandio wake kwa utulivu.

Kabla ya siku yenyewe

Ramani ikikamilika, itishe kikao kimoja cha watendaji: MC, mpambaji, mpishi, DJ, mpiga picha na msimamizi wa ukumbi. Wapitishe tukio kwa tukio. Mpishi ataona jambo usiloliona wewe, na mpiga picha vilevile. Baada ya marekebisho, kila mmoja aondoke na nakala, na ya mpambaji iambatanishwe na mkataba wake. Teueni mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kubadili ramani siku ya sherehe, na asiwe mzazi wala bibi harusi. Hao wana kazi nyingine.

Siku ya kupanga, mkiupata ukumbi tangu asubuhi, fuateni mpangilio huu: jukwaa na nyaya kwanza, meza baadaye, kisha viti, vitambaa, na maua mwisho. Mkianza na maua, mtayahamisha mara tatu. Meza zikishakaa, mwanakamati mmoja aketi kwenye kila kona ya ukumbi na ajiulize kama anaiona meza kuu. Wawili watembee njia ya maharusi bega kwa bega huku mikono wameinyoosha. Mwingine atoke jikoni na sinia tupu hadi meza ya mbali. Mahali popote watakapogonga kiti, sogezeni kiti hicho sasa, wakati ukumbi bado hauna watu.

Zoezi hilo ni la nusu saa tu. Kamati iliyolifanya huweza kukaa chini jioni ile na kula pamoja na wageni wake, kwa sababu kazi ya kuwaelekeza watu imeshafanywa na ukumbi wenyewe.